Uvimbe Mgongoni mwa Mtoto: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Uvimbe mgongoni mwa mtoto mara nyingi hugunduliwa na mkono kabla ya jicho. Mzazi anamwogesha, kidole kinapita juu ya kitu ambacho hakukijua, na swali linalomjia ni "Hiki ni nini?" Swali linalosaidia zaidi ni "Kiko wapi hasa?" Uvimbe ulio juu ya mstari wa uti wa mgongo una vyanzo vyake, na ulio pembeni una vyake. Kuukamua ule wa pembeni kunaweza kuleta kidonda; kuutoboa ule wa katikati kunaweza kupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana hapa tunaanza na mahali, kisha muda, halafu hali ya uvimbe wenyewe.

Uchunguzi wa dakika kumi nyumbani

Mvue mtoto, mlaze kifudifudi penye mwanga wa kutosha. Akilala, misuli hulegea, na baadhi ya "nundu" hupotea papo hapo. Pitisha ncha ya kidole kuanzia ukosini hadi kifanduguni, ukihesabu pingili kama shanga, ili ujue uvimbe uko juu ya mstari huo au umbali gani kutoka hapo.

Kisha angalia mambo haya, na uyaandike pamoja na tarehe:

- Ukubwa kwa rula, urefu na upana kwa milimita. "Kama punje ya harage" haitoshi, kwa sababu baada ya wiki mbili hutakumbuka lilikuwa harage gani. Piga picha rula ikiwa kando ya uvimbe.
- Joto. Tumia mgongo wa mkono wako na ulinganishe na ngozi ya upande wa pili.
- Ugumu. Laini kama shavu, unaobonyea kama ncha ya pua, au mgumu kama paji la uso.
- Kusogea. Vuta ngozi taratibu. Uvimbe ukienda nayo, umo ndani ya ngozi. Ngozi ikiteleza juu yake, uko chini ya ngozi. Usipotikisika kabisa, umeshikana na msuli au mfupa.
- Alama ya juu: kitundu cheusi, shimo, nywele, doa jekundu, rangi ya buluu.
- Unabadilika mtoto anapolia au kukaza tumbo?

Zima taa, weka tochi ndogo ubavuni mwa uvimbe. Ukiwaka wote kama taa nyekundu, ndani yake kuna majimaji. Mafuta, nyama ngumu na usaha mzito kwa kawaida havipitishi mwanga hivyo.

Malizia kwa shingo, makwapa na vinena kutafuta mitoki, mpime joto la mwili, na mtazame akitembea akiwa peku.

Dalili za kwenda hospitali leo hii

Miguu imelegea au mtoto aliyekuwa akitembea sasa anakataa kusimama. Ameanza kujikojolea au kushindwa kukojoa ghafla. Homa pamoja na shingo kukakamaa. Majimaji yanavuja kutoka kwenye uvimbe au kishimo cha katikati ya mgongo, hata kama ni meupe na hayanuki. Wekundu unaopanuka haraka. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, awe na uvimbe au asiwe nao. Hali yoyote kati ya hizi haingoji asubuhi.

Uvimbe uko katikati, juu ya uti wa mgongo

Tuanze na unaowatisha wengi bure: nundu moja ngumu chini ya shingo, inayoonekana zaidi mtoto anapoinamisha kichwa. Hiyo kwa kawaida ni pingili ya saba ya shingo, ambayo kila binadamu anayo. Kwa mtoto mwembamba pingili zote huonekana. Kama ziko kwenye mstari mmoja, haziumi zikibonyezwa na ngozi ya juu yake ni safi, hakuna ugonjwa hapo.

Mtoto mchanga anayekalishwa kabla misuli haijakomaa naye hujikunja kiunoni kama upinde, na mzazi akadhani ana kibiongo. Mlaze kifudifudi. Mgongo ukinyooka, ni ulegevu wa umri wake. Nundu ikibaki palepale hata akiwa amelala, apelekwe kwa daktari wa watoto, kwani baadhi ya magonjwa ya kurithi ya mifupa huanza kuonekana hivyo.

Sehemu ya chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, ndiyo inayohitaji macho makali kuliko zote. Mtoto anapoumbwa tumboni, mfereji wa uti wa mgongo hujifunga ndani ya wiki 4 za mwanzo. Usipojifunga vizuri, tatizo linaweza kuwa wazi tangu kuzaliwa, au likafunikwa na ngozi nzima na kubaki limejificha kwa miaka. Ngozi ya juu ndiyo inayotoa siri: uvimbe laini wa mafuta, kichaka cha nywele ndefu, doa jekundu la mishipa ya damu, kipande cha ngozi kinachoning'inia kama mkia mdogo, au shimo. Alama mbili kwa pamoja zina uzito mkubwa zaidi kuliko moja.

Si kila shimo ni la hatari. Kishimo kidogo kilicho ndani ya mfereji wa makalio, chenye upana usiozidi milimita 5, kisichozidi sentimita 2.5 kutoka njia ya haja kubwa, na ambacho unaona mwisho wake, ni cha kawaida. Kilicho juu zaidi ya hapo, kipana zaidi, au kisichoonekana mwisho, kipimwe.

Kwa nini uvimbe wa mafuta usiouma uhangaikiwe? Kwa sababu mafuta hayo yanaweza kuwa yamepenya hadi ndani na kuushika uti wa mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, kama nanga. Kwa kawaida mwisho wa uti huelea huru kwenye eneo la pingili za kwanza za kiuno. Ukiwa umefungwa chini, kila mtoto anaporefuka unavutwa, na neva za miguu na kibofu huumia kidogo kidogo. Dalili zake huja taratibu na hulaumiwa vitu vingine: mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, haja kubwa inakuwa ngumu, kiatu cha mguu mmoja kinabana kuliko kingine, unyayo unazidi kujikunja, anajikwaa. Neva zilizokufa hazirudi, hivyo thamani ya kuugundua mapema ni kubwa mno. Kwa mtoto wa chini ya miezi 3 hivi, altrasaundi ya mgongo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, hutosha kuanzia, kwa kuwa matao ya pingili bado ni gegedu na mawimbi hupita. Baada ya hapo mifupa huziba njia, na kipimo cha kutegemewa ni MRI, yaani picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku.

Uvimbe wa katikati wenye kishimo chembamba, wakati mwingine na unywele mmoja unaochomoza, unaweza kuwa kifuko cha ngozi kilichozama ndani tangu kuumbwa, na mara nyingine kifuko hicho kina mrija unaofika kwenye uti. Mrija huo ndio njia ya homa ya uti wa mgongo inayojirudia. Kwa hiyo kanuni hii haibadiliki: uvimbe wa katikati ya mgongo hauchomwi sindano, haukamuliwi wala haukatwi kabla ya kupigwa picha ya ndani. Daktari au mganga yeyote anayetaka kuupasua "tu kidogo" bila picha, mkatalie.

Halafu kuna nundu kali yenye pembe, pingili moja au mbili zimechomoza nyuma kama kiwiko, kwa mtoto ambaye mgongo wake ulikuwa umenyooka. Hapa kifua kikuu cha uti wa mgongo kifikiriwe kwanza. Jina hili huwapotosha wazazi na hata baadhi ya wahudumu, wakasubiri kikohozi. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hawakohoi, na picha ya kifua inaweza kuwa safi. Vijidudu husafiri kwa damu, hula sehemu ya mbele ya pingili, pingili hubomoka na mgongo hukunjika. Angalia mtoto anayeinua kitu sakafuni kwa kukunja magoti huku mgongo ameukaza kama ubao, anayelia usiku anapogeuka, anayepungua uzito, anayetoka jasho usiku. Pembeni ya nundu panaweza kutokea jipu baridi: limejaa usaha lakini halina joto wala wekundu. Likipasuliwa kama jipu la kawaida bila dawa za kifua kikuu, kidonda hukaa wazi miezi mingi. Matibabu ya dawa kwa mtoto huchukua miezi 12 kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na yakianza kabla ya miguu kulegea matokeo huwa mazuri zaidi.

Uvimbe mwekundu, wa moto, unaouma

Maumivu huogopesha, lakini kwa uvimbe wa ngozi mara nyingi ni habari njema: yanaelekeza kwenye maambukizi au jeraha, vitu ambavyo kwa kawaida hupona ndani ya siku chache.

Jipu huanza kama kipele kigumu, siku ya pili au ya tatu linakuwa kubwa na la moto, kisha katikati hulainika na kutokeza kichwa cha njano. Chukua kitambaa safi, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu unaoweza kuuvumilia kwenye kifundo cha mkono wako, kiweke juu kwa dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Joto huleta damu mahali hapo na kusaidia usaha kukusanyika. Chora mpaka wa wekundu kwa kalamu. Ukivuka mstari huo ndani ya saa 24, au mtoto akipata homa, au jipu likizidi sentimita 2 hivi, apelekwe. Usikamue: shinikizo husukuma vijidudu chini na pembeni, na jipu moja huwa matatu.

Wazazi wengi hununua antibiotiki wakashangaa jipu halipungui. Dawa husafiri kwa damu, na katikati ya usaha hakuna damu inayopita. Jipu lililoiva hutibiwa kwa kupasuliwa na kusafishwa. Dawa ni nyongeza pale maambukizi yanapokuwa yamesambaa.

Kwa maumivu, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi dozi 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 180. Kwa sharubati yenye miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Soma chupa kila mara kwa sababu nguvu za sharubati hutofautiana. Asipewe aspirini.

Kinachofanana na jipu lakini sicho: uvimbe wenye kitundu katikati, unaotoa majimaji kidogo, na mtoto anasema kitu "kinatembea". Kwenye maeneo yenye nzi wanaotaga kwenye nguo zenye unyevu, huyo ni funza, yaani buu wa nzi hao. Paka mafuta mazito ya kujipaka yafunike kitundu; funza akikosa hewa hujitokeza, kisha mchomoe kwa kibano huku ukibonyeza taratibu kutoka pande mbili. Asikatike, mabaki yake huleta uvimbe mpya. Nguo zote zipigwe pasi pande zote mbili, na kwenye mishono.

Kuumwa na mdudu huwasha zaidi ya kuuma, na kwa kawaida huja kwa vipele kadhaa pamoja. Uvimbe unaotokea na kuhama ndani ya saa chache ni mzio wa ngozi. Ukiambatana na midomo kuvimba au kupumua kwa shida, ni dharura.

"Jipu" ambalo wiki 2 za matibabu sahihi hazikulimaliza lipigwe picha. Saratani ya mfupa ya Ewing, inayoweza kuota kwenye mbavu, huleta maumivu, joto na hata homa, na huiga maambukizi kwa ustadi.

Ulitokea baada ya kuanguka

Damu iliyovilia chini ya ngozi huwa na rangi ya zambarau, kisha kijani, kisha njano, na uvimbe hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Siku ya kwanza weka kitu baridi kilichofungwa kitambaa, dakika 10 kwa wakati. Usisugue, kwani unaanzisha upya kutoka damu.

Tahadhari mbili. Watoto huanguka kila siku, hivyo ajali inayokumbukwa inaweza kuwa ndiyo iliyomfanya mtu auone uvimbe uliokuwapo tangu zamani. Usiopungua baada ya wiki 4 huenda si wa kuanguka. Pili, mtoto ambaye hajaanza kutambaa hapati mavilio ya mgongoni kwa kujigonga mwenyewe. Achunguzwe mwili mzima na apimwe damu, kwa sababu huenda damu yake haigandi vizuri au kuna mtu anamuumiza, na vyote viwili vinahitaji hatua siku hiyohiyo.

Laini, hauumi, uko pembeni

Uvimbe wa mafuta, yaani lipoma, huteleza chini ya kidole na hukua polepole mno. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 kuna aina changa ya mafuta inayoweza kukua kwa kasi ya kutisha ndani ya miezi. Si saratani, ila hutolewa yote, kwa sababu mabaki huota tena.

Wenye kitundu cheusi juu na unaosogea pamoja na ngozi ni kifuko cha ngozi. Ukibonyezwa hutoa kitu cheupe kinachonuka, na hujaa tena mpaka ukuta wake utolewe.

Uliowaka kwa tochi, hasa karibu na kwapa, huenda ni mishipa ya limfu iliyoumbika vibaya. Huweza kuvimba ghafla mtoto akipata mafua. Unaojaa anapolia na kunywea akilala unaweza kuwa wa mishipa ya vena, au ngiri ya ubavuni; ukiwa katikati, rudi kwenye sehemu ya uti wa mgongo hapo juu.

Kama mtoto ana madoa 6 au zaidi ya rangi ya kahawa, kila moja likizidi milimita 5, uvimbe laini unaweza kutokana na neva. Mtajie daktari madoa hayo hata kama hajauliza.

Mgumu kama jiwe

Kijiwe kidogo ndani ya ngozi, chenye rangi ya buluu, ambacho ukibonyeza upande mmoja, wa pili unainuka, ni uvimbe wa chokaa unaoanzia kwenye vinyweleo. Hauna hatari. Ugumu uliotulia juu ya mfupa bapa wa bega, hasa ukisikika mlio mkono unapozunguka, huenda ni kichomozo cha mfupa na gegedu. Hukua mtoto anapokua na husimama mifupa inapokomaa. Kinachoendelea kukua baada ya hapo kichunguzwe.

Mtoto mchanga

Doa jekundu linaloinuka katika wiki za mwanzo na kukua kwa kasi hadi miezi 3 hadi 5, kisha kunywea kwa miaka, ni hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu. Nyingi huachwa. Zinazochubuka au zilizo mahali pabaya hutibiwa kwa dawa ya propranololi chini ya daktari, na zilizo kubwa juu ya kiuno katikati hupigiwa picha ya uti.

Mtoto aliyezaliwa kwa shida, aliyechelewa kulia au aliyepozwa mwili hospitalini, anaweza kupata mabonge magumu mekundu mgongoni na mabegani ndani ya wiki chache. Hayo ni mafuta yaliyoganda na hujiyeyusha. Hatari imo ndani ya damu: kalsiamu inaweza kupanda hata miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo ipimwe tena na tena. Kutapika, kukataa kunyonya na choo kigumu ndizo dalili.

Upande mmoja umeinuka, lakini hakuna uvimbe wa kushika

Mwambie mtoto asimame miguu pamoja, ainame mbele huku mikono ikining'inia. Simama nyuma yake. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kuliko nyingine, mgongo umepinda na kujisokota. Hutokea zaidi kuanzia miaka 10, wakati wa kurefuka haraka. Huitwa ugonjwa pale pembe ya mpinde inapofika nyuzi 10 au zaidi kwenye eksirei. Kuanzia 25 kwa anayeendelea kukua, mkanda maalumu wa mgongo hujadiliwa. Mpinde wenye maumivu makali ya usiku au udhaifu wa mguu si wa kawaida na unahitaji MRI.

Unakua, ni mgumu, hauumi

Huu ndio uvimbe unaochelewa kupelekwa, kwa sababu mtoto anacheza kama kawaida. Saratani za nyama laini kwa watoto ni nadra, lakini mara nyingi huanza bila maumivu. Uliozama chini ya misuli, usiosogea, uliozidi sentimita 5 au unaokua kati ya kipimo kimoja na kingine ndani ya wiki chache, mtoto apelekwe wiki hiyohiyo. Kwa mtoto mdogo usisubiri ufike sentimita 5. Kwa mgongo wa mtoto wa mwaka mmoja, 3 ni nyingi.

Kipimo cha kwanza kwa uvimbe mwingi ni altrasaundi: haina mionzi, haihitaji usingizi, na hutenganisha majimaji, mafuta na nyama. Eksirei hufuata kama mfupa unashukiwa. MRI huonyesha uvimbe umefika wapi, na mtoto mdogo mara nyingi hulazwa usingizi kwa ajili yake, hivyo uliza mapema saa za kutokula.

Saratani ikishukiwa, kinyama cha uvimbe cha kupimwa maabara kichukuliwe na timu itakayomtibu mtoto, baada ya picha. Mkato uliopigwa vibaya husambaza chembe kwenye njia ya kisu, na upasuaji wa pili hulazimika kuwa mkubwa. Na uvimbe wowote uliotolewa, hata ule daktari alioapa kuwa ni mafuta tu, upelekwe maabara. Kabla hujaondoka, uliza majibu yatatoka lini na nani atayasoma pamoja nawe, kisha uhifadhi nakala pamoja na zile picha za rula.